Kushusha Subaru Impreza WRX na STI: kimo, kemba na tou hatua kwa hatua

Impreza ya kizazi cha GD, ile iliyotoka kiwandani kati ya 2000 na 2007, ni miongoni mwa magari yanayoshushwa sana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mengi hushushwa vibaya. Mwenye gari hununua springi fupi, fundi huzifunga mchana mmoja, kisha gari hupelekwa alaimenti, yaani kupangwa pembe za magurudumu, kama vile alaimenti ni sabuni ya kuosha makosa ya juu yake. Baada ya miezi michache matairi yameliwa upande wa ndani, gari linagonga chini kila tuta, na kwenye kona pua inakataa kuingia kuliko ilivyokuwa kabla.

Kimo ndicho kinachoamua kila kitu kinachofuata. Kwa GD ya barabarani, kushusha milimita 20 hadi 25 kunatosha. Milimita 30 ni mpaka. Ukizidi 35 unaanza kupoteza mshiko badala ya kuupata, mpaka ununue vipuri vya kurekebisha jiometri, na vipuri hivyo wengi hawavinunui. Ikumbukwe pia kwamba Impreza zilizoshinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000 zilikuwa zimeinuliwa, hazikushushwa. Kwa barabara yenye mashimo, urefu ni mwendo.

Kinachobadilika gari likishuka

Mbele, GD ina muundo wa MacPherson: shokapu moja iliyosimama ambayo juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshikwa na nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu, na mkono mmoja wa chini unaoishika nako hiyo kwa boljointi, kiungo chenye kichwa cha duara. Gari likiwa kwenye kimo cha kiwandani, mkono wa chini huteremka kidogo kutoka kwenye bodi kuelekea gurudumu. Gurudumu likipanda, boljointi husogea nje, na kemba hasi huongezeka, yaani tairi linaegemea ndani kwa juu. Hilo ndilo unalolitaka kwenye kona, kwa sababu bodi ikilala upande, tairi la nje nalo hulazwa nje na kupoteza sehemu ya uso wake.

Ukishusha gari, mkono huo huelekea kulala sambamba na ardhi. Kadiri unavyolala, kemba inayopatikana kwa kila milimita ya kupanda inapungua. Pembe kati ya mkono na mhimili wa shokapu ikifika nyuzi 90, kemba haiongezeki tena. Ikipita hapo inaanza kurudi kinyume, wakati uleule tairi la nje linapoihitaji zaidi. Ndiyo maana gari lililoshushwa mno huonekana kali likiwa limeegeshwa, kisha kwenye kona tairi la mbele husagika bega la nje.

Jambo la pili ni kitovu cha mlalo, ile nukta ya kufikirika ambayo bodi hulalia. Kwenye MacPherson, ukishusha bodi milimita 30, kitovu hicho hushuka zaidi ya milimita 30. Umbali kati yake na uzito wa gari unaongezeka, na nguvu inayolaza bodi inapata mkono mrefu zaidi wa kushikia. Kwa hiyo sehemu ya ugumu wa springi mpya inatumika kulipa deni ambalo kushusha kwenyewe kumelileta.

La tatu ni usukani kujigeuza kwenye matuta. Tairodi, fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu, na mkono wa chini vinatakiwa vipande na kushuka kwa njia zinazokubaliana. Ukibadilisha pembe ya kimoja kuliko ya kingine, kila gurudumu linapopanda, tou, yaani jinsi magurudumu yanavyotazama ndani au nje kwa mbele, inabadilika bila dereva kugusa usukani. Gari linakuwa na wasiwasi: unapita kipande kibovu kwa kilomita 100 kwa saa na pua inavuta huku na kule.

Nyuma, GD nayo ina shokapu ya kusimama, lakini kila upande una mikono miwili ya pembeni na mmoja wa kuvuta kutoka mbele. Kiwandani, tou ya nyuma inarekebishika kwa bolti ya kamu (ukiizungusha inasogeza kilichofungwa nayo) kwenye mkono wa pembeni wa nyuma, upande wa ndani. Kemba ya nyuma hairekebishiki. Ukishusha, nyuma inajipatia kemba hasi yenyewe, na mara nyingi inaishia kuwa nyingi kuliko ya mbele. Hapo ndipo pua inapokataa kona. Kizazi kilichofuata kina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa nyuma, kwa hiyo maelezo ya nyuma hapa chini yasihamishiwe huko bila kufikiri.

Hesabu ya safari ya shokapu

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoeleza kwa nini gari linagonga.

Tuseme kutoka kimo cha kusimama mpaka raba ya kizuio, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho wake, gurudumu lina milimita 80 za kupanda. Ukishusha 30 zimebaki 50. Pigo la shimo ni lilelile, nishati ni ileile. Nishati inayomezwa na springi kuanzia kimo cha kusimama inafuata mraba wa umbali, kwa hiyo ili 50 zifanye kazi ya 80, ugumu unatakiwa uongezeke mara (80 ÷ 50)², yaani mara 2.56. Springi fupi za kawaida zinazouzwa kwa matumizi ya barabarani hazikaribii ongezeko hilo, na zingekaribia, shokapu ya kiwandani isingeweza kuzizuia zisirukeruke. Tofauti inabebwa na raba ya kizuio. Gari lako halijawa gumu. Linatembea juu ya raba.

Pima safari halisi kabla ya kununua chochote. Kwenye shokapu ambayo fimbo yake inaonekana, funga kitaya cha plastiki (zip tie) kwenye fimbo, kisukume chini mpaka kiguse mwili wa shokapu, kisha endesha njia yako ya kila siku, na matuta yake. Ukirudi, kitaya kitakuwa kimesukumwa juu mpaka kikomo cha juu cha safari. Kikiwa tayari kimegusa raba kwa kimo cha kiwandani, huna milimita za kutoa. STI nyingi zina shokapu zilizogeuzwa juu chini, na fimbo haionekani. Hapo toa shokapu moja bila springi, ibane mpaka raba iguse, pima, kisha linganisha na urefu wake ikiwa garini.

Njia tatu zipo. Springi fupi na shokapu za kiwandani zinafaa mpaka milimita 25 tu, tena shokapu zikiwa nzima. Shokapu fupi zilizotengenezwa pamoja na springi zake ni bora kwa mtu asiyetaka kuchezea kimo. Koilova, yaani shokapu na springi zake zenye kimo kinachorekebishika, zinakupa kimo na ugumu, lakini nunua zile ambazo urefu hurekebishwa kwa kuzungusha kikombe cha chini cha mwili, siyo kwa kushusha kikalio cha springi peke yake. Ukishusha gari kwa kikombe cha chini, safari ya shokapu inabaki ileile. Ukishusha kwa kikalio, unakula safari, na springi inaweza kulegea gari likiinuliwa. Kwa barabarani, springi za kilo 5 hadi 6 kwa milimita mbele na 4 hadi 5 nyuma zinavumilika. Kilo 8 na kuendelea ni za uwanjani, na mgongo wako utakuambia.

Vipuri vya kuwa navyo kabla ya kufungua

Shokapu na springi, bila shaka. Lakini kazi inakwama kwa vitu vidogo:

- mauntingi za juu mpya za mbele (vishikizo vya raba juu ya shokapu), kama za zamani zinalia au zina mpasuko;
- raba za kizuio 4, na zikatwe tu kama mtengenezaji wa springi ameandika zikatwe na kiasi gani;
- nati mpya za kufungia nako, kwa sababu nati za kujifunga zikishafunguliwa hupoteza mshiko;
- bolti za kemba jozi 1 kwa nyuma, au mikono ya pembeni inayorekebishika;
- stebilaiza linki 4 zinazorekebishika urefu (viungo vya fimbo inayozuia bodi isilale), ukishusha zaidi ya milimita 25;
- boljointi ndefu pamoja na tairodi zake, ukizidi 30. Kampuni kama Whiteline hutengeneza seti hii kwa Subaru. Boljointi ndefu inarudisha mteremko wa mkono wa chini, na tairodi ya seti hiyohiyo inazuia usukani usijigeuze. Usifunge kimoja bila kingine.

Bushi za mkono wa chini ziangaliwe kwa tochi na tindo ndogo. Sukuma mkono, raba ikifunguka mpasuko, badilisha. Alaimenti juu ya bushi iliyokufa ni namba za siku moja.

Vipimo vya kabla

Egesha kwenye sakafu ya zege, matairi yakiwa na upepo sawa, psi 33 hivi, tangi nusu. Pima kutoka katikati ya habu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, na uandike. Kipimo hiki usikianzie ardhini, kwa sababu tairi lililochakaa litakudanganya.

Kisha pima kutoka ardhini mpaka sehemu ya kuwekea jeki chini ya sili, mbele na nyuma. Vipimo hivi viwili havisemi jambo moja. Madigadi ya mbele ya GD yamekatwa juu zaidi kuliko ya nyuma, kwa hiyo gari lililo sawa kabisa huonekana limekalia mkia. Anayesawazisha kwa macho, kwa kutazama pengo la tairi na madigadi, hushusha pua kupita kiasi. Umbali wa ekseli hadi ekseli ni takriban milimita 2,530. Ukishusha mbele milimita 25 bila kugusa nyuma, unapoteza karibu nyuzi 0.57 za kasta, yaani mhimili wa kugeuzia gurudumu kuegemea nyuma, na usukani unakuwa mwepesi na hauna hamu ya kurudi katikati. Fuata sili, achana na madigadi.

Washa taa ukiwa mita 5 kutoka ukutani na uweke alama ya utepe pale mwanga unapokatika. Utaihitaji mwishoni.

Kufunga

1. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Inua mbele kwa krosimemba, nyuma kwa difrensho ukiweka kipande cha mbao, kisha kalisha gari kwenye stendi 4. Jeki peke yake si kitu cha kuingia chini yake.

2. Mbele, fungua kishikizo cha paipu ya breki na cha waya wa ABS kwenye shokapu. Chora mstari wa rangi kwenye kichwa cha bolti ya juu ya nako na kwenye shokapu. Bolti hiyo ina kamu; ndiyo inayorekebisha kemba ya mbele, na mstari utakusaidia kurudi mahali pa kuanzia.

3. Fungua stebilaiza linki pande zote mbili. Ukifungua upande mmoja tu, ule mwingine unasukuma na bolti zinagoma kutoka.

4. Toa nati mbili za nako, kwa kawaida soketi namba 19 na paipu ya kuongezea nguvu. Shikilia nako isianguke nje: ikianguka, inavuta paipu ya breki na inaweza kuchomoa CV jointi ya ndani. Ifunge kwa waya kwenye bodi.

5. Fungua nati 3 za juu, namba 12. Usiguse nati kubwa ya katikati shokapu ikiwa bado ina springi iliyobanwa. Nati hiyo inafunguliwa mezani, springi ikiwa imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana, kila kimoja kikizungushwa kidogo kwa zamu. Springi iliyochomoka inavunja mkono.

6. Nyuma ni vilevile, ila nati za juu za sedani zinafikiwa kwa kutoa kiti cha nyuma. Za wagoni kwa kutoa paneli za pembeni za buti.

7. Rudisha. Nati za juu ni takriban Nm 20, na watu huzikata kwa kukaza kama za magurudumu. Bolti za nako zinahitaji zaidi ya Nm 150. Thamani kamili inategemea mwaka na mahali, mbele au nyuma, kwa hiyo ichukue kwenye kitabu cha gari lako. Toki renchi si anasa hapa. Bolti ya kamu isiyokazwa vya kutosha itateleza kwenye shimo la kwanza kubwa, na gari litaanza kuvuta upande mmoja.

8. Bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba, yaani mkono wa chini, mikono ya pembeni na mkono wa kuvuta wa nyuma, zilegezwe na zikazwe tena gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Raba ya bushi imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje. Ukiikaza gari likining'inia, kisha ukashusha, raba inabaki imepotoka saa zote. Inashikilia gari juu kuliko kimo chake cha kweli na inachanika mapema. Gereji nyingi huruka hatua hii kwa sababu inahitaji kupandisha gari kwenye mbao au shimo la fundi.

9. Linki za stebilaiza zifungwe mwisho, gari likiwa chini na dereva ndani. Kama bolti haiingii kwa kidole, rekebisha urefu wa linki. Linki inayolazimishwa inasukuma upande mmoja wa gari muda wote.

Kuweka kimo

Endesha kilomita 20 hivi, upite matuta kadhaa, urudi kwenye sakafu ileile. Springi mpya hukaa milimita chache zaidi baada ya siku za kwanza, kwa hiyo alaimenti ya mashine isifanywe siku ya kufunga. Subiri kilomita 200 hadi 300. Siku za katikati, weka tou kwa uzi kama ilivyoelezwa hapo chini ili usile matairi.

Ukiwa na koilova, weka uzito wa dereva kwenye kiti. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na bunda la unga la kilo 24 vinakupa kilo 74, karibu sawa na mtu. Lenga tofauti ya kushoto na kulia isiyozidi milimita 3, mbele na nyuma.

Sasa lala chini na upime mkono wa chini wa mbele: urefu kutoka ardhini hadi katikati ya bolti ya ndani, na hadi katikati ya boljointi. Boljointi ikiwa chini kuliko bolti ya ndani, vizuri. Zikilingana, umefika mpaka. Boljointi ikiwa juu, pandisha gari au funga boljointi ndefu. Hakuna mashine ya alaimenti itakayokuokoa. Angalia pia sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni bomba la ekzosi, hasa lisilo la kiwandani. Ikiwa na chini ya milimita 110 kutoka ardhini, tuta la mtaani litalifikia mkiwa watu wanne ndani.

Rimu nazo ni sehemu ya hesabu hii. STI ya 2005 na baadaye ilikuja na rimu za 17x8 ET53, yaani kipenyo cha inchi 17, upana wa inchi 8 na ofseti ya milimita 53. Ukiweka 17x9 ET38, ukingo wa nje unasogea milimita 27.7 kuelekea madigadi: 12.7 za upana na 15 za ofseti. Ukingo wa ndani unaachana na shokapu kwa milimita 2.3. Gari lililoshushwa 25 na rimu za namna hiyo litakwangua madigadi ya nyuma watu wakikaa, isipokuwa mikunjo ya ndani ya madigadi ikunjwe.

Alaimenti

Mpangilio haubadiliki: kemba ya nyuma, tou ya nyuma, kemba ya mbele, tou ya mbele. Kemba ikiguswa, tou inahama, kwa hiyo tou siku zote inafuata. Nyuma inatangulia kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linakwenda wapi. Kama yanatazama kushoto, usukani utakaa umepinda hata tou ya mbele ikiwa kamili.

Namba za kuanzia kwa gari la barabarani lililoshushwa 20 hadi 30:

- mbele: kemba −1°30′ hadi −1°45′, tou jumla 0 hadi milimita 1 kuingia ndani;
- nyuma: kemba −1°00′ hadi −1°30′, tou jumla milimita 1 hadi 2 kuingia ndani;
- tofauti ya kushoto na kulia: kemba isizidi 0°15′, kasta isizidi 0°30′.

Kwa gari linaloenda uwanjani mara kwa mara: mbele −2°30′ hadi −3°00′ na tou sifuri, nyuma −1°30′ hadi −2°00′ na tou milimita 1 kuingia ndani. Tou ya mbele ya kutoka nje milimita 1 au 2 inafanya pua iingie kona haraka, lakini barabara kuu ya masaa matano itakuchosha na kula bega la ndani.

Kanuni ya kushika kichwani: kemba hasi ya mbele isiwe ndogo kuliko ya nyuma. Bolti ya kamu ya mbele ikifika mwisho kabla ya kupata −1°30′, unahitaji sahani za kemba juu ya shokapu. Kusogeza juu ya shokapu milimita 10 ndani kunakupa karibu digrii 1. Sahani zina faida nyingine: bolti inainamisha nako pekee na kulileta tairi karibu na mwili wa shokapu, wakati sahani inainamisha shokapu na nako pamoja, na nafasi hiyo haibadiliki. Ukiwa na rimu pana, hiyo ndiyo tofauti kati ya kugusa na kutogusa.

Nyuma ikizidi −2°, ipunguze kwa bolti za kemba au kwa mikono inayorekebishika. Tunapendelea mikono. Bolti ya kemba huwa nyembamba sehemu ya katikati kuliko ya kiwandani, na gari lenye nguvu kwenye barabara mbovu linaijaribu kila siku.

Ukienda kwenye mashine, sema namba unazotaka, ukiwa umeziandika. Fundi akiachiwa, ataweka za kiwandani, na kwa gari lililoshushwa mashine itaonyesha nyekundu kwenye kemba. Nyekundu hiyo si kosa kama ndiyo uliyoiomba. Uliza tou inasomwa kwa digrii au milimita, na kama ni milimita, kwa kipenyo gani. Milimita 1 kwenye rimu ya inchi 17 ni kama dakika 8 za digrii. Kwenye kipenyo cha nje cha tairi la 225/45R17, yaani milimita 634, ni dakika 5.4. Watu wawili wanaweza kusema "milimita mbili" wakiwa na maana tofauti. Omba karatasi ya kabla na baada.

Kupima kwa uzi nyumbani

Kazi hii inafanyika kwa vifaa vya fundi ujenzi. Kwanza usawa wa sakafu: tumia mpira wa maji kulinganisha mahali magurudumu manne yanapokaa. Tofauti ya milimita 5 kati ya kushoto na kulia inaharibu kemba kwa karibu dakika 12. Pachika vipande vya vigae chini ya matairi mpaka usawa upatikane. Chini ya matairi ya mbele weka vigae viwili vinavyotazamana uso kwa uso, katikati yake grisi, ili gurudumu liteleze bila kukwama.

Kwa kemba, ning'iniza timazi kando ya rimu na upime umbali wa uzi hadi ukingo wa rimu juu na chini. Nukta hizo mbili zikiwa umbali wa milimita 430, kila digrii 1 ni milimita 7.5. Juu ikiwa ndani zaidi kwa milimita 11, una −1°30′ hivi.

Kwa tou, funga usukani katikati kwa mkanda. Nyoosha uzi kila upande wa gari kwa urefu wa katikati ya habu, ukishikwa na vyuma viwili vilivyosimama mbele na nyuma. Uzi wa kushoto na wa kulia uwe sambamba, na umbali kutoka habu hadi uzi uwe sawa kushoto na kulia kwa kila ekseli. Mbele na nyuma si lazima vilingane, maana upana wa ekseli mbili unatofautiana. Kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi kwa nusu milimita, gurudumu hilo linaingia ndani nusu milimita. Jumlisha pande mbili kupata tou jumla. Legeza nati ya tairodi, zungusha robo, sukuma gari nyuma na mbele mita moja, pima tena. Zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kimoja, la sivyo usukani utakaa kombo.

Dalili na sababu zake

Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Kingo za mistari zikiwa kali upande wa ndani, tou inaingia ndani mno. Zikiwa kali upande wa nje, inatoka nje mno. Bega la ndani likiisha laini bila kingo kali, hiyo ni kemba. Wenye magari hulaumu kemba karibu kila mara, lakini tairi linaloisha ndani ya miezi mitatu ni tou. Kemba ya −1°30′ yenye tou sahihi hula tairi polepole, na kuhamisha matairi kila kilomita 8,000 kunasawazisha.

Gari likivuta upande mmoja baada ya shimo kubwa, tazama mstari wa rangi kwenye bolti ya kamu kabla ya kulipia alaimenti. Ukihama, bolti imeteleza. Usipohama, angalia rimu na mkono wa chini kama vimepinda.

Mlio wa "tak" mbele unapogeuza usukani ukiwa umesimama ni mauntingi ya juu, au springi haikukaa kwenye mdomo wa kikalio chake. Mlio wa nyuma kwenye kokoto, mara nyingi ni linki za stebilaiza. Mkia ukipeperuka unapofunga breki ndani ya kona, pima tou ya nyuma kwanza. Ikiwa inatoka nje hata milimita 1, ndiyo sababu.

Baada ya kilomita 500 rudi kwa toki renchi: nako, linki, nati za juu, magurudumu. Rudi pia ukutani mita 5 na uwashe taa. Gari lililoshushwa milimita 25 sawasawa linatakiwa likate mwanga milimita 25 chini ya utepe. Likikata chini zaidi, pua imeinama kuliko nyuma, nawe umepata kipimo kingine cha kimo. Zirekebishe taa kwa skrubu zake, na kama gari lina xenon zenye sensa ya kimo nyuma, rekebisha kwanza kishikizo cha sensa.